Bi Somo nisaidie, wiki ya nne sasa sipati usingizi na wifi kaniletea makopo ya "usingizi wa asili"

Assalamu alaykum Bi Somo, na shikamoo.

Mie ni mwalimu wa skuli ya msingi hapa Wete, umri miaka 36, watoto watatu, mume wangu yuko Unguja kwa biashara zake anakuja kila mwisho wa mwezi. Majibu yako nayasoma siku nyingi sijawahi kuandika, leo imenibidi maana naona nnataka kuchanganyikiwa.

Kisa chenyewe ni hichi. Kumi la kwanza la Ramadhani baba yangu alipatwa na kiharusi, upande wa kulia wote ukalala, tukamkimbiza hospitali akalazwa siku 9, na mwenye kulala nae usiku pale chini kwenye mkeka ni mie, kaka zangu wao wakipishana mchana. Aliporudi nyumbani ikawa vile vile, nnalala chumbani kwake, akikohoa nnaamka, akinyamaza nnaamka zaidi. Daku naipika mie, nikishakula tena ndo sisinzii mpaka kunakucha. Alhamdulillahi baba sasa hajambo, anakaa mwenyewe, anakula kwa mkono wa kushoto na maneno yake yanafahamika, na tokea Idi kaka yangu mdogo ndo analala nae. Mie nimerudi chumbani kwangu nikasema sasa ntalala kama gogo. Wapi!

Saa 4 ya usiku nishapanda kitandani kwa kuchoka, naangalia dari, inafika saa 6, inafika saa 8, kila kitu nakisikia, mpaka majani ya mgomba wa jirani yakipigwa na upepo. Saa 9 na nusu ndo linakuja lepe la usingizi na adhana ya alfajiri inanikuta hapo hapo. Nikishasali narudi kulala, bahati nasomesha mkondo wa mchana, basi naamka saa 4 asubuhi kichwa kizito kama nimepigwa rungu. Juzi nimemkaripia mtoto wa watu darasani hana hata kosa, nikaenda chooni nikalia. Ili nisisinzie mbele ya watoto nakunywa kahawa, na jioni nikirudi chai ya rangi nzito vikombe viwili.

Sasa wifi yangu anauza saplimenti kwenye WhatsApp, mzigo anaupata kutoka Dubai, kaniletea makopo mawili. Moja ni melatonini zile za kutafuna kama pipi, lebo inasema miligramu 10, jengine ni vidonge vya mzizi wa valeriana na magnesiamu. Yote mawili elfu 85, kasema nimlipe pole pole. Anasema hizi si dawa ni vitu vya asili, mwili wenyewe unavitengeneza, havina madhara, hata watoto wanapewa. Mama mkwe nae kanambia niachane na makopo, nikune kungumanga nzima kwenye maziwa ya moto ninywe, wao zamani ndo dawa yao. Na mie nina presha tokea mimba ya mwisho, nameza nifedipini kila siku.

Makopo yapo juu ya kabati sijayafungua. Nisipoyatumia wifi atasema namdharau, nikiyatumia naogopa. Bi Somo nifanye nini?

Mwalimu, Wete


Waalaykumu salaam mwanangu, marahaba.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kabla ya jengine lolote, makopo hayo usiyafungue na kungumanga nzima usiiguse leo wala kesho. Sababu ntakupa zote, lakini hayo mawili yasingoje.

Sasa tukae. Mie nimekaa dirisha la dawa zaidi ya miaka 20 na watu walonijia wakitaka "kitu cha usingizi" hawahesabiki, na kila mmoja nilikuwa nikimuuliza, ulipoacha kulala kulikuwa na nini nyumbani? Weye jibu umeliandika mwenyewe. "Akikohoa nnaamka, akinyamaza nnaamka zaidi." Mwanangu, maneno hayo ndo ugonjwa wako wote. Tokea kumi la kwanza la Ramadhani mpaka Idi masikio yako yalikuwa kazini, mwili ukafahamu kwamba usiku ni zamu, na zamu hiyo hakuna alokuja kuifunga. Baba ulimkabidhi kwa kaka yako, masikio hukuyakabidhi. Ndo maana unasikia mgomba wa jirani.

Kukosa usingizi kwa namna hii madaktari wanakuita kwa muda mfupi, maana yake hakujafika miezi 3, na mara nyingi kunaanza na jambo, msiba, mgonjwa, deni, mtihani, na Ramadhani nayo ikishageuza usiku kuwa mchana inasaidia kuvuruga. Jambo likitulia usingizi wa watu wengi hurudi wenyewe bila ya kopo lolote. Wanaokwama mara nyingi ni wale ambao katika kuutafuta wameuzibia njia, na weye mwanangu, sikufichi, umeanza kuuzibia, ntafika huko.

Kwanza makopo. Wifi yako anaposema melatonini mwili unaitengeneza wenyewe hapo kasema kweli, kuna kitezi kidogo ndani ya ubongo, giza likiingia kinaitoa, kazi yake kuuambia mwili kwamba usiku umeingia. Kwa hivo inawafaa zaidi watu ambao saa zao za mwili zimehama, kama alosafiri kwa ndege kutoka mbali. Kwa mtu alokesha kwa fikra haina nguvu hiyo anayoisema. Mwaka 2013 walikusanya tafiti 19 za melatonini wakazichambua pamoja, wakakuta wanaoitumia wanalala mapema kuliko wasoitumia kwa dakika 7 hivi. Dakika saba mwanangu, weye unakaa macho masaa matano. Na mwaka 2017 madaktari wa usingizi wa Marekani walitoa muongozo wao wa dawa kwa waliokosa usingizi muda mrefu, melatonini na valeriana zote mbili wakashauri zisitumike, kwa kuwa faida yake haikuthibiti.

Halafu hiyo miligramu 10. Uingereza melatonini haiuzwi bila cheti cha daktari, na ile ya watu wazima wanayoandikiwa sana ni ya miligramu 2. Na hata hiyo 10 ya kwenye lebo nani kaipima? Mwaka 2023 kule Marekani walichukua aina 25 za hizi za kutafuna, hizi hizi kama za wifi yako, wakazipima maabara. Lebo 22 zilikuwa na makosa. Moja haikuwa na melatonini hata chembe, nyengine ilikuwa nayo zaidi ya mara tatu ya ilivoandikwa. Kanada walipima aina 31, hiyo 2017, katika 8 wakakuta na serotonini, kemikali nyengine inayofanya kazi kwenye ubongo, ambayo haijaandikwa popote. Na hizo ni nchi zenye maabara kila kona. Marekani tokea sheria yao ya 1994 mtengenezaji wa saplimenti halazimiki kuithibitishia serikali kwamba kitu chake kinafanya kazi kabla ya kukiuza, basi likishavuka bahari mbili mpaka Wete hilo kopo, mie kwa kweli siwezi kukwambia ndani mna nini, na wifi yako pia hawezi, si kwa ubaya wake.

Lakini hata lingekuwa safi bado kwako weye ningelikataa, kwa sababu ya nifedipini. Italia mwaka 2000 walichukua watu wa presha wanaomeza nifedipini wakawapa melatonini miligramu 5 kila usiku kwa wiki nne, na presha zao zikapanda wakati dawa wanameza kama kawaida. Hebu fikiria, baba katoka kwenye kiharusi juzi, mtoto wake ana presha, halafu ameze kitu kinachoishindania dawa yake. Hapa ndo ninapokasirika na hili neno "asili". Watu wanalisikia wanadhani maana yake ni salama, wakati asili ni pahala kitu kilipotoka tu. Mwaka 1989 Marekani watu walikuwa wakimeza triptofani kwa ajili ya usingizi, nayo imo katika maziwa na nyama tunazokula, ikatengenezwa na uchafu ndani yake, zaidi ya watu 1,500 wakaugua ugonjwa wa misuli na damu na wengine wakafa.

Kopo la pili sina mengi. Valeriana imejaribiwa miaka na miaka, majibu hayakubaliani. Magnesiamu ikizidi inaharisha na ukiwa na tatizo la figo inakuwa hatari, mtu wa presha lazima ajue figo zake zikoje kwanza.

Na lile la "hata watoto wanapewa" limenitia khofu kuliko yote. Una watoto watatu ndani na hicho kitu kina sura ya pipi na ladha ya pipi. Marekani simu za watoto waliomeza melatonini zilizopigwa vituo vya kusaidia waliomeza sumu zilikuwa 8,337 mwaka 2012, mwaka 2021 zikafika 52,563. Juu ya kabati mtoto anafika kwa kiti. Litie kwenye sanduku lenye kufuli mpaka siku utakapolirudisha.

Sasa kungumanga, hii naijua mwilini mwangu. Nilipofiwa na mume wangu, nilipokuwa ndani ya eda, mchana nikisinzia na usiku macho makavu, bibi mmoja tunayeheshimiana sana akanambia kuna kungumanga. Nikaikuna nikanywa na maziwa. Saa moja, saa mbili, kimya, hamna kitu, nikasema labda ilikuwa kidogo, nikaongeza nyengine nusu. Ilipofika usiku wa manane moyo ukawa unapiga nausikia masikioni, mdomo umekauka ulimi umeganda, ukuta unasogea, nikamwita mwanangu nikamuusia kabisa maana nilijua nakufa. Hali hiyo ilikaa mpaka magharibi ya siku ya pili. Baadae ndo nikafahamu, kungumanga haishiki papo hapo, inachukua masaa 3 mpaka 6, na mtu anaongeza kwa kuwa hajaona kitu. Gramu 5 tu zinatosha kumtia mtu katika hali ile, na kokwa moja nzima inafika hapo na kupita. Sisi ndo wenye kungumanga, zinaota majumbani kwetu, na kwa kuwa tunaziona kila siku tunasahau kwamba zina nguvu. Ile chembe ya kwenye chai au halua haina neno, na mama mkwe wako naamini zamani walitia hiyo, siku zikipita "kidogo" ya zamani inageuka "nzima" ya leo.

Mchaichai je, maana najua utaniuliza. Brazil wanaunywa kama sisi na wanauamini kwa usingizi, mwaka 1986 wachunguzi wao wakaupima kwa watu, waliokunywa mchaichai na waliokunywa majani mengine ya uongo usingizi wao haukuwa na tafauti. Lakini kunywa mwanangu ikiwa unaupenda, hauna kafeini, una joto, na kukaa nao kimya ukumbini ni mapumziko. Maziwa na asali vile vile. Sikatazi kikombe, nakataza kukitegemea. Na usijaribu zile tembe za manjano za mafua ambazo kila nyumba inazo, zinasinziza kweli, lakini ulevi wake unauamka nao asubuhi na baada ya siku chache mwili unazizoea.

Haya, tufike kwenye njia ulizoziba. Unapanda kitandani saa 4 usiku unatoka saa 4 asubuhi, toa muda wa sala, ni kama masaa 12 kitandani na usingizi wenyewe hauzidi saba, tena wa vipande. Kitanda kimekuwa pahala pa kuangalia dari. Na ule usingizi mtamu wa baada ya alfajiri ndo unaokula usingizi wa usiku unaofuata. Kwa hivo ukishasali usirudi. Najua ni uchungu. Fagia uwanja, toka nje jua likupige usoni, jua la asubuhi ndo linalouambia ubongo mchana umeanza ili na usiku wake uje kwa wakati. Ukishindwa kabisa jinyooshe dakika 20 kabla ya kwenda skuli, simu ikuamshe, si zaidi. Na usiku usipande kitandani saa 4, kaa mpaka saa 5 na nusu, hata kama mwili unalia, kisha wiki ya pili rudi nyuma robo saa robo saa ukiona unalala ukiingia tu.

Ukiingia ukaona dakika 20 zimepita, kwa kukisia, saa usiiangalie, basi toka kitandani. Nenda ukumbini, taa hafifu, kaa kwenye mkeka, soma uradi wako, shona, lolote lisilo na haraka, madaftari ya watoto usisahihishe na simu usiishike, iache huko huko jikoni na sauti yake ikiwa mumeo atapiga. Ukisikia macho yanazama ndo urudi. Yasipozama kaa. Usiku mmoja utatoka hata mara nne. Hii aliianzisha mtaalamu wa Marekani Richard Bootzin mwaka 1972 na mpaka leo ndo sehemu ya tiba ambayo madaktari wanaipa nafasi ya mwanzo kwa usingizi, mbele ya vidonge. Siku tatu nne za mwanzo utachoka zaidi, nakwambia mapema usije ukaniona muongo, na siku hizo usipande honda kuendesha mwenyewe.

Kahawa usiikate yote kwa mara moja kichwa kitakuuma, ila ya mwisho iwe kabla ya adhuhuri, na ile chai ya rangi ya jioni ndo adui yako mkubwa. Kafeini ukiinywa saa 12 jioni, ikifika saa 5 usiku karibu nusu yake bado unayo mwilini, halafu unashangaa dari. Jioni kunywa huo mchaichai.

Presha umepima lini? Hujaniandikia, na kukesha kunaipandisha. Wiki hii nenda hospitali hapo Wete wakupime, waeleze kuhusu usingizi na waoneshe picha za lebo za makopo. Nifedipini usiiache wala usipunguze. Na ukiona kilio kile cha chooni kimekuwa cha kila siku, chakula hakipiti, au fikra inakujia kwamba bora usingekuwepo, usisubiri wiki hii wala ijayo, nenda siku hiyo hiyo na mtu wako. Vile vile ukifika miezi 3 bado hulali, au ukiambiwa unakoroma kwa kukabwa.

Wifi yako mwambie kweli, na kweli yako inatosha. "Wifi, ahsante kwa kunifikiria, dawa yangu ya presha haipatani na hizi, zichukue zisiharibike." Mrudishie na lakiri yake haijakatwa. Na kwa kuwa anakupenda, muombe kitu kimoja, kila anayetaka kununua amuulize kwanza anameza dawa gani, na lile la watoto asiliandike tena. Mama mkwe usimkatalie kikombe. Mwambie maziwa utakunywa, kungumanga atie yeye mwenyewe kwa ncha ya kisu, mkae mnywe pamoja baada ya isha. Pengine na yeye tokea mzee aanguke halali vizuri, hakuna alomuuliza.

Limebaki la masikio. Kaka yako mdogo kila usiku mgongee mlango kabla hujalala, uingie, umshike baba mkono, kisha umwambie kaka yako kwa mdomo, mbele ya baba, "Nakukabidhi mpaka alfajiri." Na yeye ajibu. Mpangiane kabisa kwamba likitokea jambo atakuja kukugongea mara tatu, na asipogonga maana yake baba amelala. Funga mlango wako. Ukishtuka usiku kwa kikohozi usiende, sikiliza kama kuna mtu anagonga.

Niandikie baada ya wiki mbili, na baba mpe salamu zangu.

Bi Somo